Maumivu Yalipoondoka, Uvimbe Ukabaki

Mwaka 1839 mwandishi wa Kiingereza Harriet Martineau alikuwa safarini Venice, Italia, alipoanza kuumwa hadi akashindwa hata kusimama. Wakati huo jina lake lilikuwa limeshaenea. Alizaliwa Norwich mwaka 1802, akawa karibu kiziwi tangu ujana wake, akazoea kukaa na watu pembe ya kusikilizia ikiwa mkononi. Biashara ya familia ilipoanguka mwaka 1829, alianza kula kwa kalamu yake. Hadithi alizotoa kati ya mwaka 1832 na 1834, za kuwaeleza watu wa kawaida mambo ya uchumi, zilisomwa nyumba kwa nyumba. Mwaka 1835, akiwa Boston, Marekani, alisema hadharani kwamba yuko upande wa wanaotaka utumwa ukomeshwe, na matusi aliyoyapata kwa kauli hiyo hayakumrudisha nyuma. Hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi, na hiyo ndiyo sababu kisa chake kinafaa kusimuliwa kwa kila mwenye maumivu yasiyokwisha na kila anayemuuguza.

Alirudishwa Uingereza, mjini Newcastle, alikoishi dada yake aliyeolewa na daktari, Thomas Michael Greenhow. Shemeji akawa tabibu wake. Alipompima alisema kizazi kimeinama na kina uvimbe. Akamwandikia dawa ya aidini na chuma, na kwa ajili ya maumivu akampa afyuni, dawa ya kutuliza iliyotumiwa na kila daktari wa zama zile. Mwaka 1840 Martineau alihamia Tynemouth, mji mdogo wa pwani karibu na Newcastle, akapanga chumba kinachotazama bahari. Humo alikaa karibu miaka mitano, muda mwingi akiwa amelala kwenye kochi, akiitazama dunia kwa darubini kupitia dirishani.

Hakukaa bure. Mwaka 1841 alichapisha riwaya juu ya Toussaint Louverture, mkombozi wa watumwa wa Haiti. Serikali ilipotaka kumpa pensheni, aliikataa ili asiwe na bwana wa kumfunga mdomo. Mwaka 1844 kikasomwa kitabu chake juu ya maisha ya chumba cha mgonjwa, ambacho hakukitia jina lake, nacho kiliwagusa wengi walioujua ukweli wake kwa miili yao wenyewe. Lakini maumivu yalikuwa palepale, na kipimo cha afyuni kilikuwa hakishuki. Alikwisha kulizoea wazo kwamba hatatoka tena katika chumba kile.

Katika miaka hiyo Uingereza ilikuwa imeshikwa na gumzo la umesmeri. Chanzo chake ni Franz Anton Mesmer, daktari wa Vienna aliyehamia Paris mwaka 1778, akidai kwamba kuna maji yasiyoonekana yanayopita katika miili ya viumbe vyote, na kwamba yeye anaweza kuyaelekeza kwa kupitisha mikono mbele ya mgonjwa. Wagonjwa walisinzia, walitetemeka, walizimia, na wengine waliinuka wakisema wamepona. Mwaka 1784 Mfalme wa Ufaransa aliunda kamati ya kulichunguza jambo hilo. Ndani yake walikuwamo Benjamin Franklin, aliyekuwa mjumbe wa Marekani mjini Paris, na mwanakemia Antoine Lavoisier. Katika bustani ya Franklin mfuasi wa Mesmer aliutia mti mmoja nguvu hiyo. Kisha kijana wa miaka kumi na miwili, amefungwa macho, akapitishwa mti baada ya mti. Alizimia kwenye mti ambao haukuguswa na mtu. Kamati ikatoa hukumu: nguvu ya Mesmer haipo, na yote yanayowapata wagonjwa yanatokana na mawazo yao wenyewe.

Hukumu hiyo ilikuwa ya haki, lakini iliacha swali kubwa mezani. Ikiwa mawazo matupu yanaweza kumwangusha kijana mwenye afya, je, hayawezi kumwinua mgonjwa? Waliolichukulia swali hilo kwa uzito walikuwa wachache. Mmoja wao, James Braid, daktari mpasuaji wa Manchester, aliandika mwaka 1843 kwamba usingizi wa umesmeri, yaani hipnosi, unatokana na macho na akili kukazwa juu ya kitu kimoja, wala hauhitaji maji yasiyoonekana. Yeye ndiye aliyetupa njia ya kuizungumzia hipnosi bila ushirikina. Wengine waligawanyika pande mbili, waumini na wakanushaji, na ugomvi wao ulikuwa mkali kama wa dini. John Elliotson, profesa wa tiba mjini London, alijiuzulu kazi yake mwaka 1838 baada ya hospitali kumkataza kuwalaza wagonjwa kwa umesmeri.

Mwezi Juni 1844 mhubiri wa umesmeri aitwaye Spencer T. Hall alifika Newcastle. Greenhow mwenyewe alihudhuria mkutano wake, akaona hakuna ubaya shemeji yake akijaribu. Tarehe 22 Juni Hall aliingia katika chumba cha Tynemouth, akapitisha mikono mbele ya uso wa mgonjwa. Martineau aliandika baadaye kwamba aliona kama magharibi imeingia ndani ya chumba, na vitu vikaanza kupoteza kingo zake. Hall alipougua na kushindwa kurudi, mtumishi wa kike wa nyumbani aliiga mikono yake, na nafuu ikapatikana kwa mikono ya mtumishi vilevile. Baadaye akaja mjane wa mchungaji, mama mwenye subira, akawa anafanya kazi hiyo siku baada ya siku. Mgonjwa alianza kula vizuri na kulala vizuri. Afyuni ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi akaiacha. Kabla mwaka haujaisha, mwanamke aliyekuwa hashuki kwenye kochi alikuwa akitembea maili kadhaa ufukweni.

Kama kisa kingekomea hapo, kingekuwa hadithi ya furaha. Lakini Martineau alikuwa mwandishi, na alihisi ana deni kwa wenzake wote walio vitandani. Novemba na Desemba 1844 alichapisha barua zake katika gazeti la Athenaeum la London, akiueleza uponyaji wake. Hakuishia kwenye nafuu yake. Alisema ameona uthibitisho wa umesmeri wenyewe, na akaongeza habari za msichana wa nyumba aliyopanga, ambaye akiwa usingizini alitabiri na kuona mambo ya mbali, ikiwamo hatima ya mabaharia wa meli iliyovunjika. Mhariri wa gazeti hilohilo aliziandama barua hizo kwa maswali. Watu wakafuatilia, na ikaelezwa kwamba habari za meli ile zilikuwa zimeshafika nyumbani kabla msichana hajalazwa. Nafuu ya kweli ya mgonjwa mmoja ikawa imefungwa kamba moja na utabiri wa uongo, na waliotaka kucheka wakaucheka mzigo wote.

Kisha likaja jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wake. Mwaka 1845 Greenhow alichapisha kijitabu cha kujitetea. Alisema nafuu ilikwisha kuanza kabla ya Hall kufika, na kwamba ilitokana na dawa yake ya aidini na chuma. Ili kuthibitisha, alieleza hali ya kizazi cha mgonjwa wake kwa lugha ambayo kila mtu angeisoma, akakiuza kijitabu hicho kwa shilingi moja. Hakuandika jina kamili, aliweka herufi tu, lakini hakuna Mwingereza msomaji aliyeshindwa kumtambua. Shemeji mtu, na tena daktari, aliutandaza utupu wa shemeji yake sokoni ili ashinde ubishi. Martineau alikata uhusiano naye, na undugu wa nyumba ile ulipasuka.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema. Alinunua kiwanja Ambleside, katika nchi ya maziwa ya kaskazini, akajenga nyumba na kulima. Mwaka 1846 na 1847 alisafiri Misri, Sinai na Palestina, akapanda ngamia jangwani, mtu ambaye miaka michache nyuma alikuwa hawezi kuvuka chumba. Kuanzia mwaka 1852 hadi 1866 aliandika zaidi ya makala 1,600 za maoni katika gazeti la Daily News. Kila alipoulizwa alijibu kwamba amepona, na kwamba aliyemponya ni umesmeri.

Mwaka 1855 alianza tena kuhisi vibaya: kizunguzungu, moyo kupiga ovyo, tumbo kuwa zito. Alipata kwa madaktari wa London neno la ugonjwa wa moyo, akaamini anakufa, akaandika tawasifu yake kwa haraka ili isimpite. Hakufa. Aliishi miaka 21 zaidi, mingi yake ndani ya nyumba, na katika muda wote huo alikataa katakata kwamba ugonjwa huu una uhusiano wowote na ule wa Tynemouth. Ule ulikwisha kupona. Alifariki tarehe 27 Juni 1876. Mwili ulipofunguliwa, ndani ya tumbo ulikutwa uvimbe mkubwa wa ovari. Mwaka uliofuata Greenhow, akiwa mzee sasa, aliyachapisha matokeo hayo katika jarida la madaktari wa Uingereza, kana kwamba kesi ya mwaka 1845 ndiyo kwanza imetolewa hukumu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Martineau hakuficha maradhi, aliyatangaza magazetini. Alichokificha, hata kwake mwenyewe, ni uwezekano kwamba maradhi bado yapo. Kifo kikamuumbua palepale.

Thomas Spencer Wells, mpasuaji maarufu wa uvimbe wa aina hiyo, alitoa maelezo yanayoingia akilini zaidi kuliko ya pande zote mbili. Uvimbe ulipokuwa mdogo ulikuwa umebanwa ndani ya nyonga, ukikandamiza neva na viungo vya jirani. Ndiyo maana maumivu yalikuwa makali na kutembea kulishindikana. Ulipokua, ulipanda juu tumboni palipo na nafasi, na mkandamizo ukaachia. Hilo lilitokea karibu na mwaka 1844. Baadaye sana, ulipojaa tumbo lote, ukaanza kusukuma viungo vya juu, na mgonjwa akadhani ni moyo.

Sasa tuangalie funzo liko wapi, maana haliko pale ambapo wengi hulitafuta. Wengi wangesema: mnaona, alidanganywa. Hapana. Maumivu yalipungua kweli, na usingizi ule huenda ulichangia kweli. Tangu siku zile sayansi imesogea. Mwaka 1997 mtafiti Pierre Rainville na wenzake walionyesha, kwa picha za ubongo, kwamba mtu aliye katika hipnosi akiambiwa maumivu yake hayakeri sana, sehemu ya ubongo inayohusika na kero ya maumivu hubadilika, huku sehemu inayopokea hisia zenyewe ikibaki karibu vilevile. Maumivu yana sura mbili, ukali na kero, na akili inaweza kuishika moja bila kuigusa nyingine. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika chuo kikuu cha tiba cha Massachusetts kliniki ya kufundisha utulivu wa akili, na wengi wa wagonjwa wake wa mwanzo walikuwa watu wenye maumivu ambayo dawa zilikuwa zimeshindwa kuyamaliza. Novemba 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kifaa cha kuvaa machoni kinachomwingiza mgonjwa katika ulimwengu wa picha ili kupunguza maumivu sugu ya mgongo. Anayeyacheka haya yote kwa sababu Mesmer alikosea, anarudia kosa la wale waliomcheka Martineau.

Kosa halisi liko mahali pengine. Maumivu ni kama mbwa wa ulinzi. Kuna wakati anabweka kwa sababu mwizi yumo ndani, na kuna wakati mwizi ameshaondoka zamani lakini mbwa amezoea kubweka usiku kucha. Maumivu mengi sugu ni ya namna hii ya pili: jeraha limepona, ila mfumo wa neva umebaki macho. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kumtuliza mbwa ndiyo tiba yenyewe, na hipnosi, utulivu wa akili na miwani ya picha vina kazi kubwa ya kufanya. Lakini hakuna mlio wa mbwa unaoweza kukuambia peke yake kama mwizi yumo au hayumo. Ni lazima mtu aingie ndani na taa, aangalie, na arudi kuangalia tena mbwa akibadilisha sauti. Kumnyamazisha kabla ya hapo ni kumfanyia mwizi hisani.

Martineau alichukua ukimya kuwa ushahidi. Nafuu ilikuja baada ya mikono ya Hall, basi imeletwa na mikono ya Hall. Greenhow naye alifanya kosa lilelile kwa upande wake: nafuu ilikuja baada ya aidini, basi imeletwa na aidini. Kumbe palikuwa na mambo manne kwa wakati mmoja: mikono, dawa, afyuni iliyoachwa, na uvimbe uliokuwa ukihama. Mgonjwa mmoja, mwaka mmoja, hawezi kuamua ni lipi lililofanya kazi. Kila mwenye nadharia alikuja kuvuna shamba hilohilo na kulipa jina lake.

Na ugomvi ulifanya kosa lisiweze kusahihishwa. Baada ya kijitabu cha shilingi moja, kukubali kwamba uvimbe bado upo kungekuwa kumpa shemeji ushindi mbele ya nchi nzima. Suala la mwili likawa suala la heshima, na heshima haichunguziki kwa vidole vya daktari. Gharama yake ilikuwa kubwa, kwa sababu zama zilikuwa zimebadilika. Ganzi ya etha ilianza kutumika katika upasuaji mwaka 1846, na kuanzia mwaka 1858 huyo Spencer Wells alikuwa akiwaondolea wanawake uvimbe wa ovari na kuwaokoa wengi, ingawa wengi pia walikufa mezani na baada ya meza. Huenda Martineau angeukataa upasuaji huo, na huenda angekuwa na haki. Lakini hakuwahi kupata nafasi ya kuchagua, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa limefungwa tangu mwaka 1845.

Kisa hiki hakijapitwa na wakati. Leo wapo wanaouza safari za akili kwa wenye maumivu kwa bei kubwa kuliko shilingi ya Greenhow. Ketamini, dawa ya ganzi inayojulikana hospitalini kwa zaidi ya nusu karne, hupewa baadhi ya wagonjwa wa maumivu sugu chini ya usimamizi, na inaweza kuwasaidia. Lakini ikitumiwa mara kwa mara ovyo huharibu kibofu cha mkojo, na mwigizaji Matthew Perry alikufa nayo mwilini mwezi Oktoba 2023, akiwa peke yake katika beseni la maji moto la nyumbani kwake. Wanaoiuza kama njia ya kujitenga na mwili hawakosei kwamba inatenga. Wanachosahau kusema ni kwamba mwili unaoachwa nyuma unaendelea na mambo yake.

Basi mwenye maumivu akiambiwa kuna njia ya kubadilisha hali ya akili ili apate nafuu, asiikimbie. Aanze kwa kuchunguzwa, na majibu yaandikwe, ili baadaye pawe na kitu cha kulinganisha. Dawa za maumivu, hasa zile za jamii ya afyuni, asiziache kwa siku moja kwa furaha ya nafuu. Zipunguzwe polepole na aliyeziandika. Amuulize anayemtibu: kama nafuu haikuja, utasema nini, na kama imekuja, tutajuaje imeletwa na nini? Mtaalamu mwaminifu atakuwa na jibu hata kama si zuri. Tapeli atakuwa na hasira. Na maumivu yakirudi kwa sura nyingine, hata baada ya miaka kumi, arudi kuchunguzwa kana kwamba hakuwahi kupona.

Daktari naye ana fungu lake katika funzo hili. Mgonjwa akisema amepata nafuu kwa njia usiyoiamini, usimbishie nafuu yake, na siri yake usiiguse kamwe. Mwambie: nimefurahi, sasa njoo nikuangalie. Greenhow alikuwa na ujuzi wa kuuona uvimbe ule. Alichopoteza mwaka 1845 ni ruhusa ya kuutazama, na bila ruhusa hiyo ujuzi wake haukumfaa mgonjwa hata siku moja.